Mashine Zilizongoja Stima

Kwenye matanga ya Kitsao, huko Kisauni, kijana mmoja wa shati jeupe alisimama akatusomea maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, hakukwama. Alipofika mahali pa chuo cha ufundi cha Changamwe akasema Ujerumani ilileta mashine, serikali ikaleta stima, na kwa ushirikiano huo mwema Kitsao akawa fundi, kisha mwalimu wa mafundi, mpaka alipostaafu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka. Nikaushusha. Matangani hakubishanwi, na yule kijana hakusema uongo, alisema tu kwa upesi. Ndani ya sentensi yake moja mlikuwa na mwaka mzima, na mwaka huo mimi niliishi chumba kimoja na Kitsao, nikala naye sinia moja, nikaumaliza mahali ambapo sikupanga kuumaliza. Siku zile nilikuwa naandika mambo ya kila siku katika madaftari ya shule. Nimeyasoma tena wiki hii. Yule kijana niliyekuwa mimi, aliyeyaandika, ananichosha, maana kila ukurasa ana haraka na kila ukurasa ana mtu wa kumlaumu, lakini vyakula na maneno ya watu aliyaandika sawasawa, kwa hivyo nitamtegemea.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mwingereza. Habari za nilizaliwa wapi na kwa nani nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza sekondari na cheti ninacho, na Ami Salim, ndugu wa baba, mtu wa Jomvu Kuu mwenye duka na mwenye heshima zake, alikuwa ameshanitafutia nafasi ya ukarani bandarini. Rafiki yake mmoja huko Kilindini alikubali kuniwekea kiti mpaka mwisho wa mwaka. Mimi sikukitaka. Niliona makarani wamejaa Mombasa nzima na kila mmoja ana kalamu mfukoni, na bendera ikishabadilishwa watu watauliza nani anajua kutengeneza injini. Niliandika hivyo katika daftari, nikapiga mstari chini yake. Basi Wajerumani walipofungua karakana ya kufundishia vijana, katikati ya Changamwe na Jomvu, kwenye ardhi ambayo Ami na wazee wenzake waliitoa, mimi nilikuwa wa mwanzo mlangoni. Ami alisema, "Haya, nenda ukapakwe grisi. Lakini kiti cha bandarini hakingoji mwaka wa pili. Mwaka ukiisha na wewe si fundi, utakwenda kukikalia." Nikasema mwaka ni mwingi.

Karakana ilikuwa jengo refu la bati, sakafu ya simiti mpya, na ndani yake upande mmoja zilipangwa mashine za kukereza chuma, zile tulizoziita lezi, kila moja imefunikwa turubai la kijani kama maiti. Upande wa pili zilikuwa meza nzito za mbao, na kwenye kila meza jiliwa la kubania chuma. Siku ya kwanza Bwana Enesti, mwalimu wetu, Mjerumani mfupi mwenye mikono minene na soksi za kufika magotini, alimpa kila mmoja wetu kipande cha chuma kisicho na umbo, na tupa. Kazi yetu ilikuwa kukisugua kile chuma kwa tupa mpaka kiwe na pande zote sawa, bapa, pembe zimesimama, kiasi kwamba ukiweka kipimo juu yake na kukielekeza dirishani mwanga haupiti katikati. Hicho tu. Tulisugua wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Ukimpelekea chuma chako alikiinua mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akasema neno lake la kwanza la Kiswahili, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la pekee: "Bado." Ukarudi kwenye jiliwa. Ukisawazisha upande huu, ule mwingine umepinda.

Chumba changu na Kitsao kilikuwa nyumbani kwa Bi Rehema, nyumba ya udongo na chokaa yenye ukumbi mrefu na vyumba huku na huku, si mbali na pale walipokuwa wakijenga kiwanda cha kusafishia mafuta. Tulikuwa na kitanda kimoja cha kamba na godoro moja la sufi. Aliyelala kitandani wiki hii, wiki ijayo alilala chini. Kitsao alikuwa Mgiriama wa upande wa Kisauni, mrefu, mtulivu, amesoma kidogo shule ya misheni, na alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua akisugua chuma, jambo lililonitia wazimu. Mimi aliniita Karani. "Karani, umeamka? Karani, leo Mdachi atakwambia nini?" Mdachi ndilo jina walilotumia wazee kwa Mjerumani, na sote tulilishika. Asubuhi Bi Rehema aliuza mahamri mlangoni, na ya kwetu alituwekea sahani moja na mbaazi za nazi juu yake. Jioni ilikuwa sima na mchicha, au muhogo, na Ijumaa wali na samaki wa kupaka, ambaye mkia wake Bi Rehema alimpa Kitsao kila mara, eti yeye ndiye mwenye adabu.

Bi Rehema alikuna nazi akiwa amekaa juu ya mbuzi pale uani, khanga amejifunga kifuani, na hakuna jambo la dunia lililompita. Mwaka ule maneno yote yalikuwa Mwambao: je, pwani itakuwa nchi yake peke yake, au itakuwa Kenya pamoja na bara? Ami Salim na wazee wa Jomvu walitaka Mwambao. Kitsao alitaka Kenya. Mimi nilitaka mashine iwashwe.

"Mkipata huo Mwambao wenu, Mama," Kitsao alimwambia siku moja, "mimi nitatakiwa pasipoti nikija kula hapa?"

"Wewe utatakiwa uoshe sahani," Bi Rehema akajibu. "Pasipoti utaacha mlangoni. Na huyu Athmani mbona kanuna? Chuma kimemshinda tena?"

"Chuma hakijanishinda, Bi Rehema. Wananichezea. Nimesoma hisabati mpaka ya juu, nasuguishwa chuma kama mfungwa."

"Wafungwa wavunja mawe," akasema. "Chuma hawapewi. Wangalitengeneza funguo."

Jumapili nilikwenda Jomvu Kuu kwa miguu, njia ya chini karibu na mikoko, nikakaa barazani kwa Ami. Wazee pale walikuwa na yao kuhusu Wadachi. Mmoja alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo vita vya kwanza, na kila akiniona aliuliza, "Ehe, Mdachi wenu ameshaanza hamsa ishirini?" Ndiyo viboko ishirini na tano, ambavyo wakati wa Wadachi kule Tanga mtu alichapwa kwa kosa dogo. Nikimwambia hapana, huyu hapigi, anatusuguisha chuma, alicheka mpaka akakohoa. "Basi ndiyo hiyohiyo, ameiweka kwa mwendo wa polepole." Ami hakucheka. Aliniambia mtu akikupa kitu, mpe nafasi akuoneshe namna ya kukitumia. Nilimjibu kwamba nafasi tumeshampa, miezi inakwenda. Sikumjibu kwa adabu, naona hata kwenye daftari nimeandika jibu langu kwa fahari.

Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, mimi nikiwa msemaji: kwamba tunadharauliwa. Kwamba mashine zililetwa kwa ajili ya kutazamwa, na sisi tutasugua mpaka tuchoke tuondoke, halafu itasemwa Mwafrika hawezi. Leo nikifikiri naona tulikuwa na sababu za kuamini hivyo, kwa maana tulikuwa tumeyaona mengi ya namna hiyo. Lakini haikuwa hivyo. Mchana mmoja, wenzetu wameenda kula, nilikipeleka chuma changu dirishani, Bwana Enesti akakiinua, akafumba jicho, na mwanga haukupita. Akanirudishia. Nikangoja aniambie niende kwenye mashine. Akaenda sandukuni akaniletea kipande kingine kibovu. Nilikiweka mezani kwa kishindo, na tupa juu yake. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba sisi si wafungwa, na kama hataki tujifunze mashine aseme. Kitsao alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Bwana Enesti alininyooshea kidole nimfuate. Akafunua turubai la lezi ya mwanzo. Akanionesha waya mnene uliotoka tumboni mwa mashine, ukapita chini ya sakafu ndani ya bomba, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye sanduku la chuma. Akalifungua sanduku. Waya uliishia mle ndani, ncha zake zimefungwa kitambaa. Upande wa pili wa sanduku palikuwa patupu.

"Stima taa, iko," akasema, akionesha balbu zilizokuwa zikiwaka juu yetu mchana kweupe. "Stima mashine, bado."

Alitueleza kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, na Kitsao akauliza maswali mpaka tukaelewa. Mashine zile hazikutaka stima ya taa, zilitaka laini kubwa yake, yenye nguzo zake, kutoka barabara kuu. Katika mapatano, nchi yake ilileta mashine na mwalimu; jengo na stima vilikuwa juu ya wenyeji. Ofisi ya Mwingereza iliyosimamia shule zetu ilisema jambo la gharama kama hilo lingoje serikali ya Waafrika, ambayo ilikuwa mlangoni. Serikali ya Waafrika haikuwa imeingia. Bwana Enesti aliandika kwao Ujerumani, wakamjibu kwamba stima si sehemu yao. Na kusugua chuma? Kwao kila kijana huanza hivyo, alisema, hata yeye alianza hivyo, akatuonesha sugu kwenye kiganja. Ila kwao ni kwa muda, kisha mtu hupelekwa mashineni. Sisi alitusuguisha zaidi kwa sababu hakuwa na pengine pa kutupeleka, na alikuwa anaona haya kutuambia. Kitsao akamwambia, "Pole, mwalimu." Mimi sikusema pole. Nilikuwa nahesabu kichwani miezi iliyobaki kabla ya kiti cha bandarini.

Ndipo ikaja habari kwamba wageni wakubwa kutoka Ujerumani watapita Mombasa, na karakana yetu ni mojawapo ya mahali watakapoangalia. Nilifurahi nikaona mambo yamekwisha. Mkubwa akifika nitamwambia, nyaya zitakuja, nitakuwa fundi. Nilikwenda Jomvu kumwambia Ami, na Ami, ambaye alikuwa katika kamati ya karakana kwa sababu ya ile ardhi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Utamwambia wapi?" akaniuliza.

"Palepale, akiingia."

"Akiingia! Mtu katoka kwao huko kwenye baridi, hajakaa kitako, hajanywa hata maji, wewe wamrukia na shida. Utamfanya aone tumemwita aje kutukopesha. Sikiza. Nitawaalika hapa kwangu mchana. Watakula. Wakishanawa mikono, mimi mwenyewe nitasema na mkubwa wao, taratibu, kama mtu mzima na mtu mzima mwenziwe. Siku hiyo wewe utabeba birika."

"Ami, wazungu hawana taratibu hizo."

"Sisi tunazo," akasema, na mazungumzo yakaisha.

Siku ya wageni maturubai yote yalitolewa na lezi zikapanguswa mpaka zikang'aa. Alikuja mapema ofisa wa Kiingereza aliyehusika na shule zetu, mtu mwenye sauti ndogo, akasema kila mwanafunzi asimame kwenye mashine moja, kwa sababu atakuwako mpiga picha. Bwana Enesti alisema kitu, ofisa akamjibu kwa kifupi, na Bwana Enesti akaenda kusimama karibu na mlango. Basi tukasimama. Mimi nilishika gurudumu la mashine ambayo haijapata kuzunguka, taa zinawaka juu, kila kitu kinaonekana kizima. Kitsao, mashine ya pili, alininong'oneza, "Karani, tabasamu, utakwenda Ulaya ndani ya gazeti." Wakaingia. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, amejitahidi kujifunza Kiswahili kidogo njiani, na alipita kwa kila mmoja wetu akitoa mkono. "Hujambo? Kazi vipi?" Kitsao akajibu, "Vizuri sana, bwana." Akaja kwangu. "Hujambo? Kazi vipi?" Nami nikajibu, "Sijambo, bwana. Vizuri." Neno lilitoka lenyewe. Mtu yeyote aliyelelewa hapa lingemtoka. Mgeni amesimama, amekupa mkono, amekuuliza habari. Habari ni nzuri, hata kama nyumbani kuna msiba, na msiba unatajwa baadaye, mkishakaa. Mzee yule akafurahi, akamgeukia mwenzake akasema maneno ya kwao, na mpiga picha akapiga.

Nyumbani kwa Ami walikuwa wamechinja mbuzi. Bi Rehema alikuja kutoka Changamwe alfajiri kusaidia, na uani palikuwa na masufuria mawili ya pilau, mkate wa sinia, na mtungi wa maji ya baridi uliofukizwa ubani. Barazani palitandikwa mikeka mipya na viti viliazimwa kwa jirani. Wageni walipokaa wakaletewa kwanza kahawa, vikombe vile vidogo, na halua, na kaimati. Ami, kanzu imenyooka, alimuuliza mkubwa wao habari za safari. Nzuri. Habari za watoto. Wazima. Kwao mvua zimenyesha? Zimenyesha. Mimi nilikuwa nimesimama na birika na beseni la kunawia, nikimwangalia ofisa wa Kiingereza akiangalia saa. Ami akaeleza jinsi ardhi ile ilivyotolewa, na nani alikuwa na minazi mingapi pale, na mkubwa akatikisa kichwa kwa adabu, akala halua, akapangusa vidole vyake kwa leso. Halafu akasimama. Wote wakasimama.

Ami alidhani anataka choo. Alinifanyia ishara nimpe maji nimwoneshe njia. Lakini mzee yule alimpa Ami mkono, akasema kwa Kiswahili chake, "Asante sana kwa chakula," akatafuta kofia yake. Uani nilisikia kifuniko cha sufuria kikigongwa na Bi Rehema akisema, "Haya, leteni masinia." Wageni walikuwa wameshashuka barazani. Walidhani ile kahawa na halua ndiyo karamu yenyewe, na mpaka leo naamini waliondoka wakijua wamekirimiwa vizuri.

"Hawa wanakwenda wapi?" Ami aliniuliza kwa sauti ya chini, na sijapata kumwona tena na uso ule. "Chakula hakijapakuliwa."

Niliweka birika chini nikakimbia. Mkubwa alikuwa ameshaingia garini, kioo kimeshushwa, Bwana Enesti amekaa mbele karibu na dereva. Nikashika mlango. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mashine zile hazijazunguka hata siku moja, hazina stima, taa alizoziona ni taa tu, na tutakaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka na baada yake kama hakuna atakayeleta nyaya.

Mzee akanitazama. "Asubuhi nilikuuliza wewe mwenyewe. Ulisema vizuri."

"Ile ilikuwa salamu, bwana. Ulikuwa hujakaa."

Ofisa wa Kiingereza alikuwa ameshazunguka gari, akasema kijana huyu achukuliwe. Mzee aliinama mbele akamgusa Bwana Enesti begani, akamuuliza neno kwa lugha ya kwao. Shingo ya Bwana Enesti iligeuka nyekundu. Kisha akaitikia kwa kichwa, ndiyo, akaongeza maneno machache bila kugeuka nyuma. Gari likaondoka.

Niliporudi barazani, watu wa mtaa walikuwa wameitwa waje kula, kwa maana pilau haitupwi. Walikula wakashiba. Ami hakuonja. Aliponisogeza kando alisema, "Umenifanya muongo barazani kwangu. Nilimwambia kila kitu kizuri, na wewe wamkimbilia njiani kumwambia kila kitu kibaya."

"Ami, walikuwa wanakwenda."

"Wangerudi."

"Lini?"

Bi Rehema, akipita na sinia, alisema kama anayejisemea, "Huyu mtoto hana adabu, wallahi. Na angenyamaza ningemchapa." Ami akamtazama, naye akaendelea na njia yake.

Kabla ya wiki kwisha niliitwa kwenye chumba kidogo cha mbao kilichokuwa ofisi ya karakana. Ofisa wa sauti ndogo alisema nimewavizia wageni wa serikali, karakana haiwezi kufundisha mtu asiye na nidhamu, nikusanye vitu vyangu. Sikuwa na vitu. Nje, nikiwa nimekaa juu ya kreti, nilimsikia Bwana Enesti akibishana naye, Kiingereza kikimwishia akaingiza Kijerumani, na akigonga meza. Haikusaidia, yeye alikuwa fundi, hakuwa mkubwa wa mtu. Ami, ambaye hakuwa amesema nami tangu siku ya pilau, alivaa kanzu na koti akaenda mwenyewe hadi ofisini kwa ofisa yule mjini kuniombea. Nilimngoja kwa Bi Rehema. Alirudi adhuhuri, akakaa, akavua kofia.

"Alinipokea vizuri," akasema. "Alinipa kiti na chai."

"Kisha?"

"Akaniuliza habari. Nikamwambia nzuri." Akapangusa kofia yake kwa mkono. "Kisha simu yake ikalia."

Bi Rehema hakucheka, wala mimi. Alimletea Ami maji ya kunawa na sahani ya wali, na Ami akala, na alipokwisha kula akaniambia nikamwone rafiki yake bandarini Jumatatu.

Basi nikawa karani. Nimekaa bandarini maisha yangu yote ya kazi, na nimeona zawadi za nchi zikishushwa za kila namna: matrekta, mitambo ya maji, makreti yaliyochorwa bendera mbili na mikono iliyoshikana. Kila mara nilijikuta nauliza swali ambalo halikuwa kazi yangu, kwamba ile sehemu ambayo si ya mtoaji, ni ya nani, na je, huyo anajua? Wenzangu walinicheka. Mara nyingine nilijibiwa, mara nyingi sikujibiwa. Sisemi zile mashine zilikuwa zawadi mbaya. Zilikuwa nzuri sana, baadhi yake ziliendelea kufanya kazi mpaka Kitsao amekuwa na mvi. Nasema tu kwamba pande zote mbili zilikuwa na watu wa heshima, kila mmoja akimngoja mwenziwe amalize kusema, na katikati pale tulisimama sisi na tupa zetu.

Nguzo za stima zilianza kuchimbiwa kabla ya bendera. Niliziona dirishani mwa basi, nikienda kazini, zimelazwa kando ya barabara, bado zinanuka lami. Nani aliamuru, nani alilipa, sikuambiwa, na hata Kitsao hakupata kujua. Desemba ikaja, bendera ikapandishwa, Bi Rehema akapika biriani akasema hii ni ya nchi nzima, Mwambao na bara, na Kitsao aoshe sahani. Tulikuwa bado chumba kimoja, mimi nikirudi na wino vidoleni, yeye na grisi. Hakuniambia mengi ya karakana, na mimi sikumuuliza. Kisha Jumamosi moja alikuja bandarini wakati wa kutoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Karani, twende."

"Wapi? Mimi siruhusiwi kule."

"Sijakuuliza kama unaruhusiwa."

Tulifika karakana saa ya chakula. Nilisikia kabla sijaona: mlio mmoja wa chini, unaoendelea, kama wa mtu anayeguna na hamalizi. Tulipokaribia ukazimwa, na wanafunzi wa mwisho wakatoka. Bwana Enesti alikuwa mlangoni, akijifunga mkanda wa saa yake. Aliniona. Alijua amri iliyotolewa juu yangu, na alikuwa mtu wa kushika amri. Kwa chakula cha mchana alitoka na kurudi kwa wakati uleule kila siku, mpaka Bi Rehema, ambaye hakuwa na saa, aliteremsha sufuria akimwona anapita. Hakunisalimu. Alisema na Kitsao, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimeongezeka, kwamba anakwenda kula, na mlango anauacha. Akaenda.

Kitsao alinipa aproni yake. Akabana chuma kwenye lezi, akanionesha mahali pa kushika, akanishikisha mkono mpaka nikaona uzito wa lile gurudumu. Akawasha. Chuma kikaanza kuzunguka kwa kasi mpaka kikaonekana kimesimama. Nilisogeza kisu polepole, kikagusa, na uzi mwembamba wa chuma ukatoka, wa buluu kwa moto, ukajikunja, ukadondoka karibu na kiatu changu. Nikasogeza tena. Kilichokuwa kikinichukua siku nzima kwa tupa kilitoka kabla chai haijapoa. Nilicheka, kisha nikaona Kitsao ananiangalia kama mtu anayesubiri nimalize kulia.

Hatukusikia hatua. Nilipoinua kichwa Bwana Enesti alikuwa kizingitini, chakula amekwisha kula, kwa wakati wake uleule. Akatazama mkono wangu kwenye gurudumu. Akaitazama saa ya ukutani. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatoka, akaurudisha mlango taratibu bila kuufunga.

Kitsao akachukua kipande kingine kutoka sandukuni. "Haya," akasema, "weka hiki."